Ndege Imetua, Msafiri Yu Njiani

Ndugu msomaji, ukimwuliza kijana yeyote mwenye simu ya mkononi umbali wa Dar es Salaam na Mwanza kwa njia ya anga, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza: kilomita 850 na ushei, mwendo wa saa moja na nusu. Jibu hilo ni sahihi. Sina ugomvi nalo, na hapa chini nitaeleza linavyopatikana, maana ni hesabu nzuri inayofaa kujulikana nyumbani na watoto wetu. Lakini lipo swali la pili ambalo simu haijibu. Hizo saa moja na nusu ni za nani? Ni za ndege, au ni zetu sisi tuliobebwa ndani yake?

Nauliza hivyo kwa sababu mimi ni mtu wa Shinyanga, na kwetu ni Kata ya Kambarage. Miaka yote niliyosafiri kwa ndege kwenda nyumbani nimetua Mwanza, kisha nikarudi kusini kwa basi kiasi cha kilomita 165. Jirani zetu wa Kahama na wa Geita nao wanaijua desturi hii ya kushuka katika mji usio wako na kuanza safari nyingine.

Kwanza hesabu. Dunia ni mviringo, na njia fupi kuliko zote juu ya mviringo ni upinde unaokwenda sambamba na uso wake. Upinde huo kutoka Kipawa, ulipo Uwanja wa Julius Nyerere, hadi kiwanja cha Mwanza ukingoni mwa Ziwa Victoria, una urefu wa kilomita kama 852. Ndege ya jeti ya siku hizi ikishafika juu huenda kilomita 800 na zaidi kwa saa. Ukigawanya utapata saa moja na dakika chache. Basi zile dakika nyingine zimetoka wapi? Zimetoka chini, na katika kupanda na kushuka. Ndege hairuki kwa mwendo wake mkubwa tangu dakika ya kwanza. Hupanda polepole, na huanza kushuka ingali mbali na mji. Tena saa ya ratiba haianzi magurudumu yanapoiacha ardhi. Huanza pale zile kabari zinazozuia magurudumu zinapoondolewa, ikaisha pale zinaporudishwa. Upepo nao una kauli yake: ukisukuma kwa nyuma, dakika hupungua; ukipinga kwa mbele, huongezeka. Ndege za mapanga, zenye mwendo wa kilomita 500 au 600 kwa saa, huchelewa kidogo zaidi, ingawa si sana, kwa sababu kwenye safari fupi sehemu kubwa ya muda huliwa na huko kupanda na kushuka.

Liko jambo moja ambalo hunifurahisha kila ninapolifikiri. Mwanza iko magharibi ya Dar es Salaam kwa nyuzi sita na robo hivi za longitudo, na dunia huzunguka nyuzi moja kwa kila dakika nne. Maana yake ni kwamba jua likiisha kupita juu ya Dar es Salaam, huchukua dakika kama 25 kufika juu ya Mwanza. Saa zetu za ukutani ni zile zile, lakini jua lina ratiba yake. Kwa hiyo ukiondoka Dar asubuhi kwa jeti, jua mliloondoka nalo limekutangulia Mwanza kwa saa nzima.

Tusidharau, hata hivyo, kazi iliyofanywa na ndege. Speke alitoka Tabora tarehe 9 Julai 1858, akaliona ziwa tarehe 3 Agosti. Hizo ni siku 25 za kutembea kwa miguu katika nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma, mizigo ikiwa vichwani na mabegani mwa wapagazi ambao majina yao hayamo katika vitabu vya shule. Kutoka Tabora hadi Mwanza, kwa upinde ule niliousema, ni kilomita kama 290 tu. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, siku 25 ziligeuka kuwa saa za kuhesabika. Na wengi wetu wenye umri tunakumbuka safari ya gari moshi kutoka Dar es Salaam, usiku wa kwanza na usiku wa pili, na chai ya vituoni iliyonunuliwa kupitia dirishani.

Wengine watashangaa wakisikia kwamba Mwanza ilifungamanishwa na London kwa ndege mapema kuliko miji mingi iliyo mikubwa kuishinda. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London, na kituo chake cha mwisho katika Afrika kilikuwa Mwanza. Barua za kwanza zilifika tarehe 10 Machi, baada ya siku kumi. Kwa upinde, London na Mwanza zimeachana kwa kilomita kama 6,800, ambazo jeti ya leo ingezimaliza kwa saa nane lau ingekwenda moja kwa moja. Siku kumi zile hazikuwa za kuruka tu. Zilikuwa za kulala, kubadili ndege, kujaza mafuta, na kungoja.

Tena kalenda ina vituko vyake. Miaka 51 kamili baadaye, tarehe 28 Februari 1982, safari nyingine ya Mwanza ilimalizikia karibu na London. Siku mbili kabla, abiria walikuwa wamepanda Boeing ya Air Tanzania hapo Mwanza wakitegemea kushuka Dar es Salaam baada ya saa moja na nusu. Ndege ikatekwa nyara. Ikapelekwa Nairobi, ikapelekwa Jeddah, ikapelekwa Athens, mpaka ikatua Stansted, Uingereza, ambako watekaji walijisalimisha. Sitaki kulirefusha jambo lile hapa. Nimelitaja kwa sababu linaonyesha kwamba umbali ulioandikwa kwenye tiketi ni ahadi tu, na kwamba muda wa safari huujua yule aliyekwisha kufika.

Sasa turudi kwenye swali letu, tupime tangu mlango hadi mlango. Chukua ndege inayoondoka Dar es Salaam saa mbili asubuhi. Abiria hutakiwa awepo kiwanjani mapema, na kwa kuwa hakuna anayeziamini barabara za jiji lile, ataondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Ndege itatua Mwanza saa tatu na nusu. Mpaka apate mzigo wake, atoke nje na kukubaliana na dereva, ni saa nne. Kiwanja kiko upande mmoja wa mji na stendi ya Nyegezi iko upande mwingine. Akifika hapo na basi likajaa, ni saa tano. Kisha Usagara, Misungwi, Mabuki, Hungumalwa, Maganzo, na pale Ibadakuli anakipita kiwanja cha ndege cha Shinyanga akiwa ndani ya basi. Anashuka stendi saa nane mchana. Anabisha hodi saa nane na nusu. Jumla ni saa tisa na nusu, ambazo moja na nusu tu ni za ndege.

Mwenzake aliyepanda basi Dar es Salaam saa kumi na mbili alfajiri, akapita Morogoro, Dodoma, Manyoni, Singida na Nzega, ataingia Shinyanga kama saa nne usiku. Ukihesabu tangu alipoamka akatoka kwake saa kumi, ni saa 18. Angalia basi, ndugu msomaji, chombo chenye mwendo unaozidi ule wa basi zaidi ya mara kumi kimeipunguza safari kwa nusu tu. Nusu si haba. Lakini nusu si mara kumi.

Hapo sijaongeza saa za kuchanganyikiwa. Tiketi ya ndege haisomi saa kama tunavyosoma sisi. Namjua mzee mmoja aliyepewa na wanawe tiketi iliyoandikwa 07:15. Alifika kiwanjani saa sita mchana, amevaa koti na kofia, akiwa na saa nzima ya akiba. Ndege yake ilikuwa imeondoka tangu asubuhi. Wanawe walicheka sana. Yeye alisema kwa utulivu kwamba saa yake haina kosa, na kwamba tangu azaliwe saa saba na robo imekuwa ni mchana.

Lakini yapo yasiyochekesha, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Mwezi wa Agosti 2022, Jumatatu usiku, mjomba wangu alifariki dunia nyumbani kwake Kambarage. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto na wajukuu waliotawanyika kama ilivyo kawaida ya familia zetu siku hizi: huyu Geita machimboni, huyu Dar es Salaam, na binti yake wa tatu Mtwara, alikoolewa. Simu zikapigwa usiku ule ule. Habari ilitufikia sote kwa wakati mmoja. Miguu ndiyo haikuwa sawa.

Mimi nilipata nafasi katika ndege ya Jumanne asubuhi. Niliilipia kwa bei ya msiba, maana nauli ya ndege hupanda kadiri siku inavyokaribia, na kifo hakitoi taarifa ya wiki mbili. Yule wa Geita, ambaye kwa mstari ulionyooka alikuwa kilomita 160 tu kutoka msibani, alitoka kwake saa mbili asubuhi. Barabara yake ilimpeleka kwanza kaskazini-mashariki hadi Busisi, ambako wakati ule hapakuwa na daraja. Alisubiri zamu yake ya pantoni, akavuka ghuba hadi Kigongo, akafika Usagara, akapanda basi jingine la kurudi kusini. Alinitangulia nyumbani kwa saa moja. Mimi niliyekuwa kilomita 730 na yeye aliyekuwa 160 tulikutana uani vumbi la safari likiwa halijatutoka.

Na binti? Alipanda basi Mtwara Jumanne alfajiri. Jioni alikuwa Dar es Salaam. Wakati ule mabasi ya abiria yalikuwa bado hayaruhusiwi kusafiri usiku kucha, kwa hiyo alilala karibu na stendi ya Mbezi, akapanda la Jumatano alfajiri.

Wazee walikuwa wamekwisha kikao kabla sijatua Mwanza. Hoja zao hazikuwa za kijinga. Mwili ulikuwa katika chumba cha maiti, na kila siku ina gharama yake. Waombolezaji walikuwa wanakula. Majirani walikuwa wameacha shughuli zao. Mmoja wa wazee akasema maneno ambayo baadaye yalirudiwa mara nyingi: “Mtu wa Dar yuko angani. Akiwa yeye amefika, nani atakuwa hajafika?” Katika fikra zake, na za wengi, Dar es Salaam ndiyo mwisho wa mbali. Yeyote aliye Tanzania ama yuko karibu kuliko Dar, ama yuko Dar. Mtwara ilisahauliwa kwa namna hiyo, bila ubaya wa moyo. Ndege ilikuwa imefuta umbali vichwani mwao, kwa watu waliopanda na kwa watu wasiopanda.

Tulizika Jumatano saa tisa alasiri. Saa hiyo basi la binti lilikuwa limepita Dodoma, linaelekea Manyoni. Aliingia Shinyanga saa nne usiku. Hakuuliza chakula wala maji, hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja penye kaburi na begi lake mkononi, mdogo wake akimmulikia kwa tochi, akasimama pale juu ya udongo mbichi muda mrefu. Kisha akarudi uani tulipokuwa tumekaa, akatuamkia mmoja mmoja kwa heshima kama alivyofunzwa, na baada ya salamu akauliza: “Mlikuwa mnakimbilia wapi?”

Hakuna aliyemjibu. Nilitazama chini, na nikaona wazee nao wanatazama chini.

Nimelifikiri swali lile mara nyingi. Wako ndugu zetu Waislamu ambao dini yao huwaelekeza kumsitiri maiti mapema, na kwao aliye mbali hujua tangu awali kwamba atafika kwenye dua. Hakuna anayeahidiwa kisha akanyimwa. Kwetu sisi desturi ni kungoja. Na mwenye desturi ya kungoja lazima ajue anamngoja nani. Zamani, watu wote wa ukoo waliposafiri kwa gari moshi au kwa basi, waliokuwa mbali walichelewa wote, na kikao cha wazee kiliwangoja wote. Siku hizi mwenye uwezo hutua mchana ule ule, na kufika kwake huhesabiwa kuwa kufika kwa watu wote. Sisemi ndege imeleta ubaya. Nasema kwamba imetugawa ndugu wa tumbo moja katika madaraja mawili, wa saa tisa na wa saa arobaini, na kwamba ratiba ya msiba imeanza kufuata daraja la kwanza. Katika nchi iliyolelewa kwa siasa ya usawa, hilo ni jambo la kuzungumzwa mezani, tena waziwazi.

Watu wa Shinyanga hawakosi viwanja vya ndege, na hapa niruhusu nichomeke neno. Mwadui una kiwanja chake, mgodi ule alioupata Williamson mwaka 1940. Bulyanhulu kule Kahama nako ndege hutua. Almasi na dhahabu hazipangi foleni stendi. Kiwanja cha Ibadakuli, hatua chache kutoka mjini, kiliingizwa katika mpango wa kuboresha viwanja vinne pamoja na Kigoma, Tabora na Sumbawanga, na mimi ni mmoja wa wanaoutazama mpango huo kwa hamu. Kutoka Dar es Salaam hadi Ibadakuli kwa upinde ni hizo kilomita 730. Kwa ndege ya mapanga inayotua hapo, safari yangu ya saa tisa na nusu ingekuwa ya saa tano, na Mwanza ningekwenda kula samaki tu.

Lakini hata hiyo isingemsaidia binti wa Mtwara, ambaye hakuwa na nauli ya ndege ya kokote. Kilichokuwa kinamfaa kilikuja mwaka 2023, nacho hakina mabawa: ni ruhusa ya mabasi kusafiri usiku. Lau ruhusa ile ingekuwapo Agosti 2022, angeshuka la Mtwara jioni, akapanda jingine usiku ule ule, na Jumatano kabla ya adhuhuri angekuwa Kambarage. Angemwona baba yake. Daraja la Kigongo na Busisi nalo, lenye urefu wa kilomita tatu, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na mtu wa Geita sasa hajui tena habari ya kusubiri pantoni. Ukinipa nafasi ya kupanga ni kipi kimewasogeza zaidi watu wa ukoo wangu, nitataja basi la usiku kwanza, daraja la pili, na ndege ya tatu, ijapokuwa mwenye kupanda ndege ni mimi.

Siku ya kuanua matanga, shangazi yetu mkubwa, ambaye hajapanda ndege maishani mwake, ndiye aliyelianzisha. Alisema kwamba tangu siku ile mzee yeyote asithubutu kutaja siku ya mazishi kabla hajataja kwa jina mtu aliye mbali kuliko wote, yuko wapi, na amepanda chombo gani. Baadhi ya wanaume walinung'unika habari ya gharama. Aliwauliza gharama ya siku moja ya chumba cha maiti ni shilingi ngapi, na swali la yule binti ni shilingi ngapi. Wakanyamaza. Ndipo likaanzishwa daftari la nauli, kila nyumba ikitoa kidogo kila mwezi, fedha zisizoguswa kwa harusi wala kwa ada ya shule.

Daftari hilo tumemkabidhi binti wa Mtwara alitunze. Kwenye ukurasa wa kwanza ameandika majina ya ukoo mzima, na mbele ya kila jina ameandika saa badala ya shilingi. Mbele ya jina langu zimo hesabu mbili: tisa na nusu kwa ndege, kumi na nane kwa basi. Mbele ya lake mwenyewe, thelathini. Juni 2025, daraja lilipofunguliwa, alimpigia simu ndugu yetu wa Geita akamtaka asafiri tu hadi Kambarage na kurudi, apime. Kisha akaikata ile tano na nusu ya zamani kwa mstari mmoja, akaandika nyingine pembeni.